Kumbukumbu za Kikao cha Kumi na Moja

Akidi ilitimia saa tatu na robo,
katika ukumbi wa mazoezi wa shule, chini ya kikapu cha mpira,
sote na makoti yetu, maana boila lilikuwa limegoma.
Nje, mto Juodė ulilala chini ya barafu,
na bwawa la kinu cha zamani limeuegemea kifuani.

Waliohudhuria:
Vaidotas, mhandisi, na ramani ndefu kuliko meza;
Ugnė wa maabara, na tope katika chupa thelathini,
kila chupa na kina chake kwa wino wa zambarau;
Bwana Norkus, mwenye turbini, asiyevua kofia;
Kęstutis wa chama cha ndoano; diwani; wakili wa diwani;
fundi mmoja;
na mimi Skirmantė, ninayeitwa kiongozi wa mradi,
yaani mwenye funguo za ukumbi, na lawama.

Yatokanayo:
bado hatujakubaliana jina.
Vaidotas husema kizuizi. Norkus husema mali.
Kęstutis husema ukuta, diwani urithi wa mji,
nami, ili tusivunje kikao kabla ya bwawa,
nimekuwa nikiandika "jambo lile".
Miaka miwili tunajadili namna ya kubomoa jambo lile.

Ratiba.
Vilnius wanataka jibu kabla mwezi haujaisha.
Vaidotas akasema: tufungue lango la tatu,
maji yashuke shubiri moja kwa siku,
mto utanywea taratibu, wala hautashtuka.
Ugnė akasogeza chupa ya kumi na tisa, nyeusi kama masizi:
humu mna kromiamu ya kiwanda cha ngozi
kilichokufa kabla sijazaliwa.
Shubiri moja, sawa. Shubiri tatu, mnawapelekea visimani
watu wa kule chini ambao hawamo humu ndani.
Wakabishana. Kęstutis akawatetea samaki,
wakili akasoma kifungu, akakisoma tena,
nami nikafanya ninachofanya vizuri kuliko yote:
nikatazama saa, nikasema, "Naona tunakaribiana."

Hatukuwa tunakaribiana.

Ndipo sauti ikatoka upande wa ngazi za ukutani:
"Lango la tatu likifunguka, halifungiki."
Alikuwa yule fundi wa Norkus,
mikono kwapani, miguu juu ya godoro la sarakasi.
"Jino limekatika tangu masika ya juzi.
Hiyo shubiri moja ni ya kwenye karatasi.
Mtapata mto wote, usiku mmoja."

Ukumbi ukanyamaza hata nikasikia chupa zikigongana,
Ugnė alikuwa ameishika meza.
Norkus alimtazama kijana wake
kama mtu anayesomewa barua aliyodhani ameichoma.
Nikauliza, "Mbona hukusema?"
"Nimekuja vikao sita," akasema.
"Hakuna aliyeniuliza."

Nikafunua kurasa za nyuma.
Kikao cha sita: fundi mmoja.
Cha saba: fundi mmoja. Cha nane hayumo,
ingawa nakumbuka ndiye aliyepanga viti.
Chupa za tope nimeziandika moja moja, kwa namba.

Azimio: lango la tatu lisiguswe.
Kubomoa kusubiri kiangazi, tope litolewe kwanza.
Vilnius watakasirika; barua nitaiandika mimi.
(Norkus aliomba neno "uzembe" lifutwe. Halikufutwa.
Aliomba pia glasi ya maji.)

Mengineyo:
Kęstutis ana jiko la kuni, atalileta Jumanne.
Bwawa likiondoka, kazi ya fundi inaondoka nalo.
Hilo tuliligusa dakika nne,
na dakika nne ni aibu; liwe la kwanza kikao kijacho.

Marekebisho ya kumbukumbu, ukurasa wa kwanza:
palipoandikwa "fundi mmoja" pasomeke
Eimantas Žvirblys.
Alinitajia herufi moja moja, polepole,
huku akiangalia kalamu yangu, si uso wangu.

Kikao kilifungwa saa saba na nusu.
Hicho, angalau, kilifungika.